Ampu yangu inanguruma, nifanyeje? Majibu ya fundi kwa wapiga besi

Mwezi huu karibu kila barua niliyofungua ni ya kelele. Ampu za besi zinazonguruma, zinazokwaruza, zinazopiga mluzi, na moja inatetema kwenye noti mbili tu kwingine kote kimya. Nimechagua saba. Kuna kitu kimoja kimeniuma nikizisoma, wengi wenu mmeshaambiwa na mtu mbadilishe kitu, mara kapasita (kitunza umeme cha ndani ya ampu), mara spika, mara valvu (ile taa ya kioo inayokuza sauti), mwingine kaambiwa atafute ampu nyingine kabisa, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwanza atafute kelele inaingilia wapi. Hapo ndo pa kuanzia jamani, na mara nyingi hapahitaji hata bisibisi.

SWALI: Fundi shikamoo. Nina ampu ya transista wati 100, nikiwasha tu inafanya mmmmmm hata kabla sijapiga noti. Nikishika nyuzi mngurumo unapungua sana, nikiachia unarudi. Gitaa langu lina pikapu (visikio vya nyuzi) mbili nyembamba ndefu. Fundi mmoja kasema kapasita za pawa zimekufa zibadilishwe zote. Ni kweli? (Mpiga besi anayeanza)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usibadilishe kitu kwanza. Maneno yako mwenyewe yameshajibu nusu ya swali, umesema ukishika nyuzi mngurumo unapungua, sasa kapasita za pawa zimefungiwa ndani ya ampu huko, zitajuaje kama vidole vyako viko kwenye nyuzi au haviko? Kelele inayobadilika ukigusa gitaa inaingilia kwenye gitaa au kwenye kebo.

Hakikisha hivi. Shusha masta (nobu ya sauti ya mwisho), chomoa kebo kwenye ampu kabisa, usichomeke kitu chochote, halafu rudisha masta pale unapopigia siku zote. Tundu la kuingizia kwenye ampu nyingi lina kiswichi ndani, kebo ikitoka linajifunga lenyewe kwenye ardhi ya umeme, kwa hiyo hapo unasikia ampu peke yake. Ikiwa kimya, au ina shhh ndogo tu ya mbali, ampu yako ni nzima. Ikiwa mngurumo uko palepale ndo tuongelee ampu. Wengi wanakosea hatua hii, wanachomoa kebo upande wa gitaa wanaiacha ining'inie kwenye ampu, inapiga kelele balaa, wanasema basi ampu imekufa, kumbe kebo iliyo wazi upande mmoja ni antena ya mita kadhaa na itavuta kila takataka ya umeme iliyoko hewani.

Hatua ya pili, chomeka gitaa, funga volyumu zote za gitaa mpaka sifuri. Mngurumo ukifa, ulikuwa unatoka kwenye pikapu. Usipokufa, angalia kebo au nyaya za ardhi ndani ya gitaa. Anza na kebo maana kubadilisha ni sekunde tano, na uhakikishe ni kebo ya gitaa kweli, ile ambayo waya wa katikati umezungukwa na wavu wa shaba. Kebo ya spika kwa macho ina plagi ileile ila ndani ni nyaya mbili tu hazina wavu, ukiiweka kwenye gitaa lazima ingurume. Na kinyume chake ni hatari zaidi, kebo ya gitaa ukiifungia spika ule waya mwembamba wa ndani unapata moto na unaweza kuua ampu, kwa hiyo ziwekee alama usizichanganye.

Sasa pikapu zako. Hizo nyembamba ndefu ni za koili mojamoja, mtindo ulioanza na gitaa la Fender Jazz Bass mwaka 1960. Koili ni waya mwembamba kuliko unywele umezungushwa maelfu ya mara kuizunguka sumaku, unasikia nyuzi zikitikisika lakini unasikia pia kila transfoma na kila waya wa umeme ulio jirani. Kwenye jozi kama yako koili ya pili huwa imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa, kwa hiyo ukifungua zote mbili sawasawa mngurumo wa hii unafuta wa ile, na sauti ya nyuzi inajumlishwa. Ukipunguza moja hata kidogo, mngurumo unarudi. Jaribu leo, fungua zote mpaka mwisho usikilize, halafu punguza ya nyuma taratibu. Utausikia ukiingia kama mtu anafungua mlango.

Afu kaa kwenye kiti na gitaa mapajani, jizungushe polepole mzunguko mzima. Kama kuna upande mngurumo unakaribia kupotea na upande mwingine unapanda, umeshapata jibu, pikapu inavuta uga wa sumaku wa kitu fulani hapo chumbani, na mara nyingi kitu chenyewe ni transfoma ya ampu yako uliyoiegemea. Sogea mita mbili. Wenye Precision Bass, gitaa lingine la Fender, zilizotoka kuanzia 1957 hawapati shida hii sana kwa sababu pikapu yake imekatwa vipande viwili na kila kipande kinafuta kelele ya mwenzake. Ukitaka dawa ya kudumu zipo pikapu za saizi hiyohiyo zenye koili mbili ndani, au bandika karatasi ya shaba kwenye mashimo yote ya ndani ya gitaa na uiunganishe na ardhi, ila fahamu karatasi ya shaba inapunguza ile kelele kali ya zzzz, ule mvumo mzito wa sumaku unapita humohumo tu.

Kwa nini ukishika nyuzi inapungua? Mwili wako wenyewe ni antena, umekaa karibu na pikapu unazipelekea kelele. Chini ya brija, kile chuma kinachoshikilia nyuzi, kuna waya unaounganisha nyuzi na ardhi, ukishika nyuzi mwili wako unaingia ardhini na unageuka kuwa ngao. Kwa hiyo kupungua kidogo ni kawaida kabisa. Kisicho kawaida ni hiki, ukishika nyuzi hakuna mabadiliko lakini ukigusa chuma cha plagi ya kebo kelele inashuka, hapo waya wa chini ya brija umekatika. Wako ni mzima.

Na kwa wengine ambao ampu inanguruma hata bila kebo, kuna kipimo cha sikio ambacho mpiga besi yeyote anakiweza. Kama umeme wenu ni wa hezi 50, pokea ule mvumo kwa mdomo, uimbe, halafu uutafute kwenye gitaa. Ukiangukia karibu na G ya fireti ya tatu kwenye waya wa E, ambayo ni hezi 49, basi ni umeme wenyewe wa ukutani unaingia kwa uga wa sumaku au kwa njia ya ardhi. Ukiangukia karibu na waya wa G mtupu, hezi 98, ni mvumo uliozidishwa mara mbili, hezi 100, na huo ndo unaotoka kwenye pawa ya ampu baada ya umeme kunyooshwa, kapasita zilizozeeka zinashindwa kuulainisha. Kwenye nchi za hezi 60 kama Marekani tafuta katikati ya fireti ya kwanza na ya pili ya waya wa A, au oktavu moja juu yake. Si kipimo cha maabara, mara nyingi mvumo unakuja na ndugu zake wa juu umechanganyika, ila kinaelekeza. Fundi akikuambia kapasita, muulize mvumo ni wa juu au wa chini, anayejua atakuelewa hapohapo.

SWALI: Kaka, bendi yetu ni watu watano. Tukiunganisha ampu ya besi kwenye miksa kuna mngurumo mkubwa, tukichomoa waya wa miksa unaisha. Mpiga kinanda akavunja pini ya ardhi kwenye plagi ya ampu na kweli kimya kabisa. Lakini mwimbaji anasema maikrofoni inamchoma mdomo kidogo kidogo. Inahusiana? (Mpiga besi wa watu watano)

JIBU: Inahusiana, na naomba ukimaliza kusoma aya hii uende ukaizime hiyo ampu, isiwashwe tena mpaka plagi nzima irudi. Sisemi hivi kukutisha. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey wa Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea, Wales, alishika maikrofoni ambayo haikuwa na ardhi mikono ikiwa imelowa. Miaka minne baadaye Keith Relf aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds alikufa nyumbani akipiga gitaa la umeme ambalo ardhi yake haikuwa sawa. Watu wenye uzoefu hao, si wageni wa vyombo.

Waya wa ardhi kazi yake ni moja tu, siku waya wa moto ukichomoka ndani ukagusa chesisi (fremu ya chuma ya ampu), umeme uwe na njia ya kukimbilia na fyuzi au breka ikate palepale. Ukivunja ile pini chesisi inabaki na moto na hakuna kinachokata. Chesisi imeungana na wavu wa kebo, wavu umeungana na nyuzi, na nyuzi umezishika wewe. Maikrofoni imeungana na ardhi ya miksa. Mwimbaji wenu akikugusa bega huku midomo iko kwenye maikrofoni, mmeufunga mzunguko kwa miili yenu. Kule kumchoma kidogo kidogo ni onyo.

Mngurumo wenyewe chanzo chake ni hiki. Ampu imechomekwa soketi ya upande huu, miksa upande ule, kila moja ina ardhi yake, halafu mkaziunganisha tena kwa waya wa sauti. Sasa ardhi ina njia mbili, inakuwa duara, na kamkondo kadogo kanazunguka humo kanaimba kwenye spika. Kuna njia za kulikata hilo duara bila kugusa usalama. Kwanza chomekeni ampu, pedali (vile vikasha vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti) na miksa kwenye soketi moja au ekstensheni moja nzuri yenye pini zote, kama mzigo unaruhusu. Mara nyingi hapo pameisha. Isipoisha tumia boksi la DI (kale kanakopeleka sauti kwenye miksa) lenye transfoma, lina kiswichi cha kuinua ardhi, na ampu nyingi za besi zina kiswichi hichohicho nyuma pembeni ya tundu la XLR, lile la pini tatu. Hicho kinakata wavu wa waya wa sauti peke yake, ardhi ya ukutani inabaki kama ilivyo. Tofauti ya vitu hivyo viwili ni tofauti ya uhai, ndo maana natumia aya tatu.

Na soketi zenyewe zipimwe na fundi umeme, maana maikrofoni inaweza kuchoma hata plagi ikiwa nzima kama soketi imefungwa vibaya. Wenye ampu za zamani zilizotengenezwa na plagi ya pini mbili tangu kiwandani, pelekeni zifungwe waya wa pini tatu, fundi ataiondoa na ile kapasita iliyounganisha umeme na chesisi.

SWALI: Fundi, boksi langu la spika nne za inchi 10 linafanya trrrr nikipiga A na A#, noti nyingine safi. Nimeambiwa spika imechanika, nizifungue zote? (Dada wa nyuzi tano)

JIBU: Dada yangu, noti moja au mbili tu zikitetema habari njema ni kwamba inaelekea umeme hauhusiki. Kila kitu kilicholegea kina noti yake kinayoipenda, ukiifikia kinacheza. Kwanza hakikisha kinachotetema kiko kwenye boksi kweli. Besi inatikisa chumba kizima, snea ya ngoma itaitikia, kioo cha dirisha kitaitikia, hata bilauri iliyowekwa juu ya ampu. Toa boksi hapo lilipo lipeleke chumba kingine, au watu wazime kila kitu, usikilize tena.

Kama bado, tafuta programu ya simu inayotoa toni moja mfululizo, ipitishe kwenye ampu kwa sauti ya wastani, na uipandishe taratibu kutoka hezi 40 mpaka 200. Ikifika pale inapotetema isimamishe hapohapo, A mtupu ni hezi 55. Sasa una mikono miwili huru na kelele haikukimbii. Zunguka boksi ukibonyeza kwa kiganja, wavu wa mbele, vishikio vya pembeni, vyuma vya kona, magurudumu, sahani ya matundu ya nyuma, bomba la hewa. Ukibonyeza mahali trrrr ikakatika umeshapata. Vishikio ndo wakosaji wa kwanza, hasa vile vya kukunja vyenye springi. Kaza skrubu, weka kipande cha sponji, endelea. Spika zenyewe kaza skrubu zake kwa kuvuka kutoka hii kwenda ile ya ng'ambo, usikaze kwa nguvu zote maana fremu inaweza kupinda.

Hujapata? Sasa ndo uzime ufungue. Weka vidole vya mikono yote kuizunguka koni karibu na katikati na uisukume ndani taratibu bila kuinamisha upande. Ikienda kimya ni nzima, ikikwaruza kama mchanga koili imepinda au imeungua na hiyo inahitaji fundi wa spika. Angalia mpira wa pembezoni kama umeachia gundi, na kile kikofia cha katikati, ukikigusa kisicheze.

Niliwahi kuletewa boksi ambalo mwenyewe alishabadilisha spika mbili na trrrr iko vilevile. Nilibonyeza kila mahali jioni nzima, hakuna. Siku ya pili nikafungua, nikamulika tochi ndani huku toni inaendelea kwa sauti ndogo, nikaona waya wa spika ya chini umelala juu ya mgongo wa koni, unaguswa kila koni inaporudi nyuma, umeshachora kamstari kadogo kanakong'aa kwenye karatasi. Kipande cha utepe, waya ukafungwa kwenye ubao, kimya. Kwa hiyo kabla ya kulaumu spika zitazame na nyaya.

SWALI: Sauti inakatika ghafla katikati ya wimbo halafu inarudi yenyewe, wakati mwingine inarudi nikipiga noti kwa nguvu. Nobu pia zinakwaruza krrr krrr. (Hakusaini)

JIBU: Nyuma ya ampu yako kama kuna matundu mawili ya kupitishia pedali, moja la kutoka na moja la kurudi, chukua kebo fupi ya gitaa unganisha hayo mawili yenyewe kwa yenyewe, kisha upige nusu saa. Sauti isipokatika tena, ugonjwa ni kile kiswichi cha ndani ya tundu la kurudi, sauti yote inapita hapo hata kama hujawahi kuchomeka pedali, kinapata kutu nyembamba kwa kukaa bila kutumika, na ukipiga kwa nguvu umeme unaisukuma ile kutu inapitisha. Safisha kwa spirei ya kontakti, ingiza na kutoa plagi mara 20 hivi. Nimeona ampu zimepigwa chini kwa tatizo hili dogo na moyo unauma.

Nobu nazo ni spirei hiyohiyo ila iingie ndani ya mwili wa nobu, kupulizia kwa juu kwenye shimo la paneli hakusaidii kitu, kisha zungusha mwanzo mpaka mwisho mara nyingi ampu ikiwa imezimwa na imechomolewa. Tumia ya kusafishia vifaa vya umeme, usitumie ile ya kulainisha bawaba za mlango. Nobu ikisafishwa vizuri na bado ikakwaruza ukiizungusha, kuna kapasita jirani inavujisha umeme wa moja kwa moja kwenye hiyo nobu, hapo mwachie fundi. Na kama kukatika kunakuja ukitikisa plagi ya mbele, lehemu ya tundu la kuingizia imepasuka kwenye bodi, watu wakikanyaga kebo ndo inavyokuwa.

SWALI: Ampu yangu ina shhhhh kubwa, nikiweka pedali zangu nne, zote kwenye adapta moja yenye waya wa matawi, inaongezeka mluzi mwembamba iiiii. Nikiwa karibu na simu inafanya dit-dit-dit. Ni ampu mbovu? (Mpenda pedali)

JIBU: Hapana ndugu, umeandika kelele tatu tofauti kwa pamoja.

Shhhh kwa kawaida ni mpangilio. Geini ya mbele (nobu ya kukuza sauti inapoingia) ukiiweka chini halafu masta ukaifungua mpaka mwisho, ampu inakuza sauti ndogo ya gitaa pamoja na shhh yake yenyewe. Fanya kinyume, panda na geini huku unapiga kwa nguvu zako zote mpaka taa ya kuonya iwake kidogo, rudi nyuma kidogo, sasa tafuta sauti kwa masta. Angalia na kile kitufe cha kupunguza kwa gitaa lenye betri, ukikibonyeza huku gitaa lako halina betri unajinyima sauti bure na unalazimika kuipandisha kwingine. Kompresa (pedali ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo) inaongeza shhh kwa sababu ukinyamaza inainua vitu vidogo vyote, ndo kazi yake. Na boksi lenye twita (kaspika kadogo ka sauti nyembamba) lina nobu yake nyuma, ishushe nusu, besi yako haitapungua uzito na nusu ya shhh imeondoka nayo.

Iiiii ni pedali. Naona umeandika unatumia adapta moja yenye waya wa matawi. Pedali za dijitali zina saa ya kielektroniki ndani na zinarudisha kelele zake kwenye waya wa umeme, pedali ya jirani inazipokea na kama ni distoshen (ya kukwaruza sauti) inazikuza. Chomoa zote, weka moja kwenye betri ya volti 9, ongeza mojamoja, itakayoleta mluzi ndo hiyo, ipe adapta yake peke yake au nunua pawa ambayo kila tundu limetenganishwa na lingine. Chaja ya laptopu au ya simu iliyochomekwa jirani nayo inaweza kutoa mlio wa aina hii, ichomoe usikilize. Taa zenye swichi ya kupunguza mwanga zinatoa zzzz kali, zifungue mpaka mwisho au zizime.

Dit-dit-dit ni simu kwenye mtandao wa 2G, inarusha mawimbi kwa vipande mara 217 kila sekunde na sikio linavisikia. Iweke mbali, basi.

SWALI: Mwanangu, mimi nina ampu ya valvu ya siku nyingi. Nikipiga inatoa ting kama kengele nyuma ya noti, na ikishapata moto dakika kama 20 inaanza kuchachatika kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Naweza kujitengenezea? (Mzee wa valvu)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Sehemu unaweza, sehemu nakuomba usiguse. Ting ni valvu ya mbele iliyolegea ndani, vipande vyake vinatikisika na inageuka kuwa maikrofoni. Washa, volyumu ya kati, chukua penseli ya mbao uguse valvu ndogo mojamoja taratibu kwa upande wa nyuma wa penseli, bila kufungua chesisi. Zote zitatoa sauti kidogo, ila mbaya itapiga kengele kweli. Zima, subiri ipoe, weka nyingine ya namba ileile. Hiyo unaiweza kabisa.

Kuchachatika kwa baada ya moto inaweza kuwa valvu pia, kwa hiyo badilisha mojamoja na nzima unayoiamini, usibadilishe zote kwa mpigo maana hutajua mkosaji. Ikiendelea, basi ni rezista ya kwenye sahani ya valvu, au lehemu iliyopasuka inayoachana ikipanuka kwa joto, au vishikio vya soketi vimelegea. Hapo chesisi inafunguliwa na ndo ninapokuomba. Ampeg SVT ya 1969, ile ya wati 300, ina karibu volti 700 ndani, ndogo zake nazo zina mamia, na kapasita zinaweza kukaa na huo umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Aliyezoea anazimwaga kwanza, anapima kwa mita, ndipo anaingiza mkono.

Mambo mawili zaidi mzee. Usiiwashe kamwe bila spika kuchomekwa, transfoma ya kutolea inaweza kuungua. Na ukiona ndani ya valvu kubwa ile sahani ya kijivu inageuka nyekundu, usimalize wimbo, zima.

SWALI: Gitaa langu lina betri, na nililiacha limechomekwa usiku kucha. Wiki hii limeanza kukoroma nikipiga kwa nguvu, noti ndogo zinatoka sawa. Ampu imeungua? (Mpiga besi wa mazoezi ya usiku)

JIBU: Badilisha betri ya gitaa kwanza. Ikichoka volti zinashuka, noti kubwa haina pa kutanuka inakatwa kichwa, ndo huko kukoroma. Magitaa mengi ya namna hii yanawaka pale unapochomeka kebo na yanazima ukichomoa, hata kama ampu imezimwa, kwa hiyo ulivyoliacha usiku kucha likiwa limechomekwa kama ulivyosema kwenye barua, betri ilikuwa inafanya kazi mpaka asubuhi. Chomoa kebo upande wa gitaa kila ukimaliza. Betri mpya ikishindwa, chomeka gitaa lisilo na betri kwenye ampu hiyohiyo, upige kwa nguvu vilevile, uniandikie umesikia nini.